Muuguzi Mpya na Barnaba Wake

Leo tunapenda kuzungumza nanyi juu ya vijana wetu ambao wamemaliza chuo cha uuguzi na sasa wanaanza kazi.

Ninyi wenyewe mnajua mambo yalivyokuwa. Mama aliuza ndizi pale Daraja Mbili kila siku ya soko. Baba akaitoa bonasi ya chai yote, asibakize hata ya kununua koti. Kanisa nalo likafanya harambee. Miaka ikapita, mtihani wa Baraza la Wauguzi ukafanywa, na Sabato moja au Jumapili moja binti akasimama mbele ya kusanyiko amevaa sare safi, saa imebanwa kifuani. Mzee wa kanisa akasema, "Huyu ndiye daktari wetu." Watu wakapiga makofi. Ibada ilipokwisha, akina mama wakampangia foleni chini ya mti awapime presha.

Hayo yote ni mema, nasi tumo miongoni mwa waliopiga makofi. Lakini baada ya siku ile, je, kuna aliyemwuliza usiku wake wa kwanza wadini ulikuwaje?

Sisi tunaozungumza nanyi tuliifanya kazi hiyo miaka mingi kabla ya kustaafu. Tulianza mwishoni mwa miaka ya themanini, wengine wetu tukiwa tumetoka chuoni miezi michache tu iliyopita. Hospitali tuliyoanzia hatutaitaja, maana tunayotaka kusimulia si sifa. Yalitupata sisi, na tunayasimulia ili yasimpate mtoto wa mtu mwingine.

Ilikuwa baada ya mvua za masika. Mnajua kwamba malaria ya huku kwetu milimani si kama ile ya kando ya ziwa. Kule watu huishi nayo mwaka mzima, miili ikaizoea kidogo. Huku juu ni baridi, mbu ni wachache, tunakaa miezi mingi bila homa. Kisha mvua ikipita na jua likaja, ugonjwa unaingia kwa kishindo, na hata watu wazima wenye nguvu wanaanguka. Mwaka ule wadi ya watoto ilijaa hadi watoto wawili wakalazwa kitanda kimoja, na akina mama wakalala sakafuni. Zamu ya usiku tulikuwa wauguzi wawili tu, wote wapya, pamoja na mama mmoja mtu mzima, muuguzi wa cheti, aliyekuwa akizunguka kati ya wadi yetu na ya jirani.

Akaletwa mtoto wa kilo kumi hivi, amezimia. Daktari akaandika kwinini katika maji mililita 100, iingie polepole kwa muda wa saa nne. Jambo hilo tulilijua. Kwinini ikienda mbio inaweza kuusumbua moyo na kuishusha sukari ya mwili, na mtoto mdogo hana sukari ya akiba. Tena tulijua kupiga hesabu. Chuoni tulikuwa tumefundishwa kwa mpira wa matone madogo, ambao matone yake 60 hufanya mililita moja. Kwa hesabu hiyo mtoto yule alihitaji matone 25 kwa dakika. Mmoja wetu, na hatuna haja ya kusema ni nani, alisimama na saa yake ya kifuani akahesabu matone 25, akaandika kwenye karatasi kwa mwandiko mzuri, akaenda kwa mtoto mwingine.

Lakini mpira uliokuwako wadini usiku ule haukuwa ule wa chuoni. Ulikuwa wa watu wazima, ambao matone 20 tu hufanya mililita. Kwa mpira huo mtoto alipaswa kupata matone manane kwa dakika. Dawa ya saa nne ilikuwa inakimbia kumalizika kwa saa moja na dakika ishirini.

Sasa sikilizeni vizuri, maana kiini cha mazungumzo yetu kiko hapa. Yule muuguzi alikuwa ameuona mpira. Aliona una sura tofauti, na moyo wake ulimwambia, "Hebu uliza." Akanyamaza. Kwa nini? Kwa sababu asubuhi ile aliuliza mahali zinapowekwa glavu, na mtu akamjibu mbele ya wagonjwa, "Kwani huko chuoni mlifundishwa nini?" Watu wakacheka. Jambo dogo sana, la sekunde tatu. Lakini usiku lilikuwa limesimama kati ya mdomo wake na swali lake.

Mama yule wa cheti alipopita akitoka wadi ya jirani hakutazama karatasi. Alitazama chupa. Akauliza, "Hii imetundikwa saa ngapi?" Tukamwambia nusu saa iliyopita. Akaufunga mpira papo hapo kwa vidole vyake, akagusa paji la uso la mtoto, akakuta jasho baridi. Akatutuma tulete maji ya sukari ya kuingiza mshipani, na tulikimbia kama watu wanaofukuzwa. Alikaa na mtoto yule hadi alfajiri. Mtoto akapona. Mama yake akamchukua nyumbani baada ya siku tano, akatushukuru kwa mikono miwili, nasi hatukuweza kumtazama usoni.

Na mama wa cheti alitufanyia nini? Kulipokucha alituita chumba cha dawa akafunga mlango. Tulitazamia matusi. Akatoa mipira miwili, ule wa matone madogo na ule wa matone makubwa, akatuwekea beseni, akasema, "Hesabuni." Tukahesabu matone, machozi yakitutoka. Kisha akatupeleka kwa sista mkuu wa wadi, akasimama kati yetu wakati tukieleza kosa letu, na kosa likaandikwa kitabuni. Hakulificha, wala hakulitangaza sokoni. Baadaye akatuambia kwamba yeye naye, mwaka wake wa kwanza, alikosea jambo ambalo alikuwa halijamtoka moyoni mpaka siku ile. Hakutuambia ni jambo gani.

Wapendwa, katika kitabu cha Matendo ya Mitume kuna kijana aitwaye Yohana Marko. Alisafiri na Paulo na Barnaba katika safari yao ya kwanza, akiwa msaidizi wao. Walikwenda Kipro, wakavuka bahari, na walipofika Perge yule kijana akawaacha akarudi Yerusalemu. Mwandishi hatuelezi sababu. Wahubiri wengi wamesema alikuwa mwoga au mvivu. Sisi tuliofanya kazi ya zamu tunamwelewa kidogo zaidi. Labda kazi aliyoiona haikufanana na ile aliyoambiwa nyumbani kwa mama yake, ambako kanisa lilikuwa likikutana kuomba na kila mtu alikuwa mtu mwema.

Wakati wa safari ya pili ulipofika, Barnaba alitaka kumchukua tena. Paulo akakataa katakata: mtu aliyewaacha njiani hafai. Ugomvi ukawa mkali hata watumishi wale wawili wakubwa wakatengana, Paulo akaenda na Sila, na Barnaba akamchukua Marko wakapanda merikebu kwenda Kipro. Barnaba hapati sifa nyingi katika sura hiyo. Baada ya hapo kitabu kinamfuata Paulo. Lakini miaka ikapita, Paulo akiwa mzee na mfungwa, anamwandikia Timotheo kwamba amlete Marko kwa kuwa anamhitaji kazini. Ni nani aliyemlea katika miaka ile ya katikati? Kwa sehemu kubwa, bila shaka, ni yule aliyemchukua tena baada ya aibu yake.

Hatusemi kwamba Paulo alikosea kabisa. Kazi ile ilikuwa ya hatari, na mtu anayekimbia katikati ya njia anaweza kuwaua wenzake. Hospitali inahitaji akina Paulo wanaosema kwamba kosa ni kosa. Lakini wadi iliyo na akina Paulo watupu, bila Barnaba hata mmoja, hiyo ni wadi ambayo watoto hupewa dawa mbio usiku na hakuna anayeuliza.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vyetu vya chuo, vingi vikiwa vimetoka Uingereza, havikulisema. Kwetu Gusii tuna chinsoni, zile kanuni za haya na heshima kati ya kizazi cha wazazi na kizazi cha watoto. Mtoto hauoni uchi wa mtu wa rika la baba yake, na kuna maneno hayasemi mbele yake. Sasa mchukue msichana wa miaka ishirini na miwili, umpeleke wadi ya wanaume kwa mzee ambaye mkojo umemzuia tangu jana, umwambie amwingizie mpira. Tulimwona mzee mmoja akigeukia ukutani, akasema kwa Kigusii kwamba ni afadhali afe. Msichana akatoka nje, akasimama nyuma ya mlango akitetemeka, kwa kuwa yeye naye alilelewa katika chinsoni hizo hizo. Aliyemlemea si mgonjwa mkaidi. Ni baba yake mwenyewe aliyemwona katika kitanda kile.

Mama wetu wa cheti akaingia, asiguse kitu. Akamwamkia mzee, "Tata," akamwuliza kwao ni wapi, ukoo gani, na nyumbani nani anakamua ng'ombe. (Watu wa Pwani wanaokuja kufanya kazi huku hustaajabu kusikia kwamba "tata" ni baba, na kwamba mtoto wa Kigusii akilia "baba" anamwita mama yake. Wauguzi wageni wameshamleta mzazi asiyetakiwa mara nyingi!) Basi, baada ya mazungumzo akavuta pazia, akamwita muuguzi mwanamume afanye kazi ile, na yule msichana akabaki nje ya pazia akishika sinia la vifaa. Jioni yake mzee alimwita msichana huyo huyo amsaidie kunywa uji. Kitabu kilikuwa kimesema, linda faragha ya mgonjwa. Maneno hayo tulikuwa tumeyaandika katika mtihani na kupata alama zote.

Na muuguzi mwanamume akikosekana? Hilo hutokea mara nyingi. Hapo tulijifunza kumweleza mzee kwanza, kumfunika kila mahali pasipohitajika, kutomtazama machoni, na kuifanya kazi upesi bila maneno. Haya yake haiishi. Anachokuomba ni usiikanyage.

Wengine katika vijana wetu hawapelekwi hospitali kubwa kama ile ya Kisii, ambayo ilianza mwaka 1916 wakati wa vita vya kwanza vya dunia na leo ni hospitali ya rufaa na ya mafunzo. Wanapelekwa zahanati ndogo nyuma ya mashamba ya chai, na zahanati za nchi yetu kwa kawaida huongozwa na muuguzi. Huko hakuna wa kumcheka, lakini pia hakuna wa kumwuliza. Saa nane za usiku mlango unabishwa, mama ameletwa kwa pikipiki, uchungu umeshika. Mtoto anazaliwa salama, kisha damu haikatiki. Duniani kote kutokwa damu nyingi baada ya kuzaa kunawaua akina mama wengi, na kunaua kwa muda mfupi mno. Kijana wetu yuko peke yake na taa yake.

Taa hiyo inatukumbusha jambo. Florence Nightingale huchorwa sikuzote akiwa peke yake, na taa mkononi, kati ya askari waliojeruhiwa. Lakini alipokwenda kwenye vita vya Crimea mwaka 1854 alifuatana na wanawake 38. Mchoraji hakuwachora. Basi ninyi mnaoanza zahanati, msikubali kuwa picha. Kabla jua la siku ya kwanza halijatua, tafuteni namba ya simu ya mkunga mzee katika hospitali ya karibu, mumwambie jina lenu na zahanati yenu, na mumwulize, "Mama, nikikwama usiku naweza kukupigia?" Hatujapata kumwona mkunga wa kweli aliyekataa. Fungueni pia kabati mwone dawa ya kuzuia damu ipo au haipo, mwulize gari la wagonjwa huitwaje na huchukua muda gani kufika. Maswali hayo ulizeni mchana.

Huko Marekani mwaka 1974 bibi mmoja mwuguzi, Marlene Kramer, alitoa kitabu juu ya mshtuko huu wa muuguzi anayetoka chuoni na kukutana na kazi ilivyo, na jinsi mshtuko huo unavyowafanya wengi kuiacha kazi. Tulipokisikia tulifarijika. Tulidhani ni ushamba wetu wa milimani, kumbe hata kwenye hospitali zenye mashine kila kitanda msichana mpya hulia chooni. Lakini kwetu kuna mizigo ambayo huko haiko sana. Tangu mwaka 2013 kazi za afya zimekuwa mikononi mwa kaunti, na wengi wanaomaliza chuo hukaa nyumbani muda mrefu wakingoja nafasi itangazwe. Wanajitolea bila mshahara, au kwa mkataba wa miezi michache. Mwaka 2021 serikali yetu ilipatana na Uingereza juu ya wauguzi kwenda kufanya kazi huko, na vijana wengi sasa macho yao yako uwanja wa ndege. Hatuwalaumu. Mtu hawezi kulipa kodi ya nyumba kwa makofi ya kanisani.

Na yule aliyepata kazi? Mshahara wa kwanza haujafika, tayari una wenyewe. Ada ya mdogo wake, bati za nyumba ya mama, deni la harambee (maana wako wanaolikumbusha, ingawa waliliita sadaka). Simu inalia akiwa amelala baada ya zamu ya usiku: "Daktari, jirani anaumwa tumbo, anywe nini?" Tunawasihi, wapendwa, mtu aliyetoka zamu ya usiku mwacheni alale. Eliya nabii, alipochoka hata akaomba kufa chini ya mti kule jangwani, Mungu hakumhubiria kwanza. Malaika alimletea mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha akala tena, ndipo safari ikaendelea. Hilo ni jambo ambalo kanisa lolote linaweza kufanya. Obokima na chinsaga, sahani moja, iwekwe mlangoni kwa binti anayekaa peke yake chumba cha kupanga pale mjini. Akina mama wa kanisa mna mikono ya kazi hiyo kuliko malaika.

Tena mna watu ambao hamjawatumia. Katika kila kusanyiko la Kisii na Nyamira wamo wauguzi waliostaafu. Wengine walisomea Kendu, katika hospitali ya misheni iliyoanza mwaka 1925, wakati safari ya kutoka hapa hadi ziwani ilikuwa safari kweli. Wanakaa viti vya nyuma na miguu inayouma. Mchungaji, hebu Sabato ijayo au Jumapili ijayo mwite mmoja wao, umweke pamoja na yule kijana uliyempigia makofi, na uwaache wazungumze bila wewe kuwapo. Kijana atakuwa na swali ambalo amelibeba wiki tatu. Huenda ni swali la mipira na matone.

Nawe muuguzi wa siku nyingi unayetusikiliza, pengine ukiwa unafua sare yako: kesho atakuja mtu mpya na atakuuliza glavu ziko wapi.

Na tuombe.

Ee Baba yetu, wako watoto wako wanaoingia zamu saa hii, katika hospitali na zahanati za milima hii. Mikono yao ni mipya na vitanda ni vingi. Uwape ujasiri wa kusema "sijui" kabla hawajaigusa chupa. Umwamshe karibu nao mtu mmoja mwenye subira. Umkumbuke mama yule wa cheti, ambaye umekwisha kumwita kwako, na mtoto yule wa kilo kumi, ambaye leo ni mtu mzima mahali fulani na hajui chochote juu ya usiku ule. Katika jina la Yesu. Amina.